Shajara ya Mradi: Kuisikiliza Hadhira ya Kinjeketile

Jumamosi, 11 Mei 2024. Tunachokitafuta

Kikundi chetu cha watu 14 kimeanza mazoezi ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, nasi tunakusudia kuionyesha Dar es Salaam, kisha Ikwiriri, kisha Kilwa Kivinje. Mimi sikupewa kazi ya kuongoza wala ya kuigiza. Kazi yangu ni kuisikiliza hadhira na kuandika inavyoupokea mchezo, ili mwongozaji awe na kitu cha kushika anapoamua nini kibaki na nini kibadilike. Shajara hii naiandika kila hatua inapokamilika, ili kikundi kingine kitakachotaka kufanya kazi kama hii kisilazimike kuanzia pale tulipoanzia sisi.

Kwa msomaji ambaye hakuusoma mchezo huu shuleni, kiini chake ni hiki. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjeketile Ngwale alipandwa na pepo Hongo, akaingia mtoni na, kwa mujibu wa masimulizi, akatoka kesho yake nguo zake zikiwa kavu. Akawapa watu dawa ya maji ambayo waliamini ingezifanya risasi za Wajerumani ziwe maji. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Navyo viliendelea hadi 1907 na kuua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Wake ni mtu anayelitoa neno, halafu akaanza kulitilia shaka, ilhali waliolisikia wamekwisha kulishika na hawako tayari kulirudisha. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda, mwenzake wa karibu, anamsihi aseme hivyo ili aokoke. Anakataa, na mchezo haumwambii mtazamaji kama alifanya vema. Swali hilo ndilo ninalotaka kulifuata: mtazamaji wa leo analijibuje, na ni kitu gani tulichokiweka sisi jukwaani kinachomsukuma alijibu hivyo?

Mwongozaji ameamua kuuleta mchezo katika zama zetu bila kugusa maneno yake. Kinjeketile atavaa suti nyeupe na kutumia kipaza sauti cha kuvaa sikioni. Maji yatagawiwa katika chupa za plastiki za nusu lita. Ngoma ya kujiandaa na vita itapigwa kwa mdundo wa singeli. Kibali cha maonyesho na ruhusa ya mchapishaji vilipatikana baada ya wiki sita za kwenda na kurudi, kwa hiyo atakayefuata nyayo zetu aanze huko kabla ya kumwita mwigizaji hata mmoja.

Ijumaa, 31 Mei 2024. Vifaa na jaribio la kwanza

Tumenunua kinasa sauti cha mkononi kwa shilingi 185,000. Tumechapisha hojaji 150 za kurasa mbili, zenye maswali 14, kwa shilingi 60,000. Tumewateua wasikilizaji watatu, kila mmoja akiwa na nakala ya maandishi ya mchezo na penseli: mmoja akae mbele, mmoja katikati, mmoja mlangoni. Pembeni mwa kila mstari unaoamsha kitu wataandika herufi moja tu: C kwa cheko, G kwa guno, K kwa kikohozi na kujitingisha vitini, M kwa makofi, N kwa neno lililosemwa kwa sauti, T kwa mtu aliyetoka nje. Tulijaribu kwanza kuwapa orodha ya alama 17, wakawa wanatazama orodha badala ya kuutazama ukumbi. Alama sita zinatosha.

Jaribio la kunasa sauti limeharibika. Kinasa sauti tulikiweka ukingoni mwa jukwaa, chini ya pangaboi, na saa mbili nzima tulizozipata ni upepo mtupu. Tulipozima mapangaboi mawili ya mbele, sauti ilisafika, lakini wenzetu walioketi pale kama hadhira ya majaribio walianza kujipepea na kujigeuzageuza, na alama za K zikajaa ukurasani. Laiti tusingekuwa tunajua sababu, tungeandika kwamba mchezo umewachosha, kumbe ni joto. Sasa mapangaboi yanabaki yakizunguka, na kinasa sauti tumekifunga kwenye nguzo ya katikati ya ukumbi, kimefunikwa kitambaa chepesi cha kanga. Mlangoni tutabandika tangazo kwamba sauti ya ukumbi inanaswa, ili asiyependa ajue kabla hajalipa.

Jumapili, 9 Juni 2024. Maonyesho mawili ya kwanza, Temeke

Tumeonyesha jana na leo katika ukumbi wa kukodi, shilingi 350,000 kwa jioni moja. Jana walikuja watu 126, leo 94, kwa kiingilio cha shilingi 5,000. Nitayaandika yaliyotokea kwa urefu, kwa sababu ndiyo yaliyobadilisha kazi yetu yote.

Mazungumzo ya wanawake wawili yanayoufungua mchezo, Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda wakilalamikia njaa na waume zao wanaotumikishwa katika shamba la pamba, yalipokewa kwa utulivu. Watu wazima kadhaa waliousoma mchezo zamani shuleni walikuwa wakiyamalizia maneno pamoja na waigizaji, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoitikia dua. Msikilizaji wa katikati alihesabu mahali 11 pa namna hiyo. Hilo hatukulitarajia, nalo lilinigusa sana, kwa kuwa linaonyesha kwamba maandishi haya bado yanaishi vinywani mwa watu waliokwisha kusahau mtihani wenyewe.

Kisha Kinjeketile akatoka na suti nyeupe, kipaza sauti sikioni, na vijana wawili nyuma yake wamebeba mabunda ya chupa za maji. Kabla hajasema neno, ukumbi ulikwisha kucheka. Alipoinua chupa ya kwanza, kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Buku mbili!" Mwingine akamjibu: "Buku tano, hiyo ina upako!" Cheko likasambaa safu hadi safu, na katika sauti tuliyoinasa linadumu sekunde 40 hivi, waigizaji wakiwa wamesimama tu. Watazamaji walikuwa wamemtambua mara moja: kwao huyu alikuwa mmoja wa wale wanaouza maji na mafuta ya upako mijini mwetu, na hukumu juu ya watu wa aina hiyo walikuwa nayo tangu nyumbani.

Singeli ilipoanza, watu walisimama na kucheza, wengine juu ya viti. Milio ya bunduki za rashasha ilipoikata, walinyamaza wakiwa bado wamesimama, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko tulivyowahi kuupata mazoezini. Hapo palifaulu, na pamebaki vilevile.

Palipovunjika ni mwisho. Kitunda alipomsihi Kinjeketile akiri kwamba maji yalikuwa uongo, mtu mmoja wa safu ya tatu akamwambia Kinjeketile kwa hasira ya kweli: "Kubali tu kwamba umetudanganya!" Wengine wakapiga makofi. Kinjeketile alipokataa, walizomea. Msikilizaji wa mlangoni aliandika T kwa watu tisa kabla ya taa kuzimwa. Yaani watazamaji wetu waliondoka wakiamini wamemwona tapeli aliyeshindwa kutubu. Swali ambalo Hussein aliliacha wazi, sisi tulikuwa tumelijibu kwa niaba yao katika dakika ya kwanza, kwa chupa na suti. Cheko halikuwa kosa la hadhira hata kidogo. Lilikuwa jibu sahihi kwa picha tuliyoionyesha.

Leo tulijaribu kuponya kwa kuondoa kipaza sauti peke yake. Haikusaidia. Cheko lilikuja palepale, chupa ilipoinuliwa.

Hojaji nazo zimeshindwa. Kati ya watu 220 wa siku mbili, zilirudi 31, na karibu zote zimejaa maneno "nzuri," "hongereni," "mmejitahidi." Mtu aliyezomea kwa sauti ya kusikika hadi barabarani alijaza "nzuri sana." Sidhani alitaka kutudanganya. Karatasi yenye maswali 14 ya lugha ya ofisini humfanya mtu ajibu kiofisi, kwa adabu, hasa anapojua kwamba wenyeji wake wamesimama mlangoni wakingoja.

Alhamisi, 13 Juni 2024. Kutoka hojaji hadi kikaratasi

Tumetupa hojaji. Badala yake tumekata vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa kiganja, kila kimoja na swali moja: "Ni wakati gani ulitaka kusema kitu ukanyamaza?" Vimegharimu shilingi 8,000 kwa vipande 300. Hatuulizi jina wala umri, na sanduku la kuvitumbukiza tumeliweka mbali na waigizaji, karibu na mahali pa kununulia maji na kahawa, ambako watu husimama kwa hiari yao.

Mazungumzo ya baada ya onyesho nayo tumeyabadilisha. Tarehe 8 tulimpa nafasi ya kwanza mgeni wetu wa heshima, ambaye alizungumza vizuri na kwa dakika 20, baada yake kila aliyesimama alianza kwa kusema "naungana na msemaji aliyetangulia." Kuanzia sasa mazungumzo yatafanyika mikekani, nje ya ukumbi, bila meza kuu, na wa kwanza kuzungumza atakuwa yule aliyeandika kikaratasi na akaridhia kisomwe.

Jumapili, 23 Juni 2024. Ndoo, na kosa letu kubwa zaidi

Onyesho la tatu, jana, watu 108. Suala la maji lilitatuliwa na mwigizaji wa Bibi Kitunda. Katika mazoezi ya baada ya Idi aliuliza kwa nini wanawake wanaanza mchezo mikono mitupu, ilhali hakuna mwanamke anayekwenda kuzungumza na jirani yake saa zile bila kazi mkononi. Tukampa ndoo ya plastiki ya lita 20, ya shilingi 7,000, akaingia nayo kichwani na kuitua kando ya jukwaa. Ndoo ile ilibaki pale muda wote, mbele ya macho ya watu. Kinjeketile anapofika kwenye maji hatoi chupa. Anaiendea ndoo ileile, anaingiza kata, anachota. Suti imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na shati la mikono mirefu na kikoi.

Ukumbi haukucheka. Wasikilizaji wote watatu waliandika G mahali pale, na katika sauti iliyonaswa linasikika guno la chini, kisha mtu mmoja ananong'ona, "Kumbe ni yale yale." Nadhani ndilo jambo tulilokuwa tukilitafuta. Mtazamaji ameyaona maji haya tangu yalipokuwa ya kupikia, anajua hayana kitu ndani yake, na bado anaona uso wa mtu mwenye njaa anayeyapokea, akawa hana haraka ya kucheka.

Sasa niandike kosa. Katika mazungumzo ya tarehe 9 watu wengi walituuliza maana ya ahadi kwamba Mjerumani akiisha kufukuzwa, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar wa zamani. Vijana wa Temeke hawakumfahamu Seyyid Said, na mstari ule ulipita bila alama yoyote katika nakala zetu tatu. Kwa kuwa hakuna aliyeuitikia, tuliukata.

Matokeo yake yalionekana papo hapo. Katika mchezo, maneno yale ndiyo yanayomshtua Kinjeketile: anapozinduka na kuelezwa aliyoyasema akiwa amepandwa, anatambua kwamba ahadi aliyowapa watu ya kumwondoa bwana mmoja imebeba ndani yake bwana mwingine. Ukiuondoa mstari, shaka yake inakosa mzizi. Vikaratasi 14 kati ya 52 vya jana vilisema jambo moja kwa maneno tofauti: kwamba Kinjeketile alianza vizuri, halafu akawa mwoga bila sababu. Mwanafunzi mmoja aliyekuja na nakala yake ya mchezo alitufuata mikekani, akafungua ukurasa, akatuonyesha mstari uliokatwa, akauliza kwa upole, "Huu ameusema nani leo?"

Tulikosea mara mbili. Kwanza, ruhusa tuliyopewa na mchapishaji ilikuwa ya mchezo kamili, kwa hiyo kukata hakukuwa haki yetu. Tumewaandikia barua ya kuomba radhi. Pili, tulichukulia kwamba mahali pasipo na alama hapana kazi. Kuna mistari ambayo hadhira haiiitikii inaposemwa, ila inaitegemea dakika 30 baadaye. Kwa hiyo tumeongeza safu mpya katika daftari la kumbukumbu: kila alama tunayoiandika tunaifuatisha na swali, "Inategemea nini kilichotangulia?" Kazi hii inachukua jioni mbili kwa kila onyesho, na haifai kufanywa na mtu mmoja.

Jumapili, 30 Juni 2024

Mstari umerudishwa. Hatukuongeza maelezo yoyote katika maneno. Mwigizaji wa Kitunda anarudia tu jina "Seyyid Said" kwa mshangao, mara moja, kama mtu anayelipima mdomoni. Watazamaji 117. Alama za G zimetokea kwa mara ya kwanza mahali pale, chache. Hakuna aliyezomea mwisho. Ukimya baada ya Kinjeketile kukataa ulikuwa sekunde tisa kabla ya makofi. Mwenye ukumbi alikata umeme dakika kumi kabla ya muda tuliolipia, tukaendelea kwa taa za simu, na watu hawakuondoka. Ukikodi ukumbi, muda uandikwe kwenye mkataba na nakala uwe nayo mkononi.

Jumapili, 21 Julai 2024. Ikwiriri

Gari la kukodi aina ya Coaster, kwenda na kurudi, shilingi 900,000, jenereta na mafuta yake, shilingi 140,000, turubai tuliazimwa. Hatukutoza kiingilio. Jana jioni walikaa mikekani na kwenye mabenchi watu wengi kuliko tulivyoweza kuhesabu, na wengine walisimama hadi mwisho.

Kosa la kwanza lilitokea kabla hatujafika. Tulikubaliana njiani kwamba singeli iondolewe, kwa kuwa tulidhani wazee wa Rufiji wangeiona ni kuivunjia heshima historia yao. Tukaweka ngoma moja tu. Baada ya onyesho vijana walitujia wakiuliza ule muziki waliousikia kwenye simu za wenzao wa Dar es Salaam uko wapi, na mzee mmoja akasema kwamba hata wakati ule vijana walikuwa na ngoma zao. Tuliwaamulia watu kabla ya kuwasikia, nasi tumekuja huku kwa ajili ya kuwasikia.

Kosa la pili ni zito zaidi. Tangu tarehe 22 Juni tulikuwa na desturi kwamba Kinjeketile anapowanyunyizia wapiganaji maji, matone kadhaa yanawafikia watazamaji wa safu za mbele. Temeke walipenda, walikuwa wakipanua viganja. Jana, mama mmoja aliyekaa mkekani amempakata mtoto, matone yalipomfikia, alijifuta uso kwa pindo la kanga, akamfunika mtoto kichwa, akainuka na kuondoka. Msikilizaji wetu aliyekuwa pembeni aliandika T, kisha akamfuata, akamwamkia na kumwomba radhi. Yule mama akamwambia, "Marahaba, mwanangu. Sikukasirika. Ila mimi maji yamenitosha mwaka huu."

Mwezi wa Aprili bonde la Rufiji lilikumbwa na mafuriko makubwa. Mashamba yalizama na watu walihama makwao. Sisi tulilijua jambo hilo kama habari. Tulikwenda hadi Daraja la Mkapa, tukautazama mto kutoka juu yake, tukapiga picha, na haikutujia kwamba tunabeba ndoo ya maji kwenda kuwamwagia watu waliokimbia maji miezi mitatu iliyopita. Nimeirudia sauti ya jana mara nne. Tangu Bibi Kitunda alipoitua ndoo, ukumbi wa wazi ule ulikuwa na utulivu ambao Temeke hatukuupata kamwe, nami jana usiku niliuandika kuwa ni utulivu wa kuvutiwa. Huenda ulikuwa na mambo mengine ndani yake. Nimeifuta ile sentensi katika daftari na kuacha alama tu.

Kuanzia sasa matone hayatoki jukwaani, na mtu wetu mmoja atatangulia siku mbili mahali popote tunapokwenda, akae na wenyeji, aulize mwaka wao umekuwaje.

Tulipokaa mikekani, tuliwaomba kwanza wazee idhini ya kusoma vikaratasi, kisha tukasoma. Mzee aliyekuwa amekaa kimya muda wote akamwita mwigizaji wa Kinjeketile, akamwuliza ndani ya ndoo mlitia nini. Mwigizaji akajibu kuwa ni maji tu. "Basi mjukuu wangu, hapo hamkusoma vizuri," akasema mzee. "Hayakuwa maji matupu. Palikuwa na mtama, palikuwa na mafuta ya mbarika. Baba yangu alinieleza." Akaeleza kwa mikono namna ya kushika kata, akamrekebisha kijana wetu kiwiko, kijana akarudia mpaka mzee akaridhika. Aliyoyasema kuhusu mtama na mbarika yamo pia katika kumbukumbu za historia ya vita hivi, nasi tulikuwa tumeyasoma, tukayaacha kwa kuona kwamba mtazamaji wa leo hahitaji. Asubuhi hii mjukuu wake ametuletea mbegu za mbarika katika mfuko wa nailoni, madoadoa yake kama mayai ya kanga, na hakutaka kupokea hela.

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Kilwa Kivinje

Tulionyesha Jumamosi tarehe 3. Mwenzetu alitangulia tangu Alhamisi, na ushauri aliourudisha ulikuwa mmoja: tuanze baada ya sala ya Isha, tusiwakimbize watu. Singeli ilirudi. Mtama na mbarika viliingia: Bibi Kinjeketile anasaga mbegu mbele ya watu wakati wanaume wanajadiliana, na sauti ya kusaga inasikika hadi nyuma.

Jambo kubwa la usiku ule lilikuwa mstari tuliokuwa tumeukata. Kinjeketile alipotamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, uwanja mzima uliguna, guno refu lililoanzia kwa wazee mbele na kurudi nyuma kwa vijana, na mwigizaji wa Kitunda hakuhitaji kulirudia jina. Hapa ni pwani ambayo watawala wa Zanzibar waliwahi kuishika. Jina lile halihitaji kufafanuliwa. Mikekani, mzee mmoja aliomba kuanza.

"Nauliza. Watu wafe wote wale, halafu wawe wa Seyyid Said? Si ndiyo kumtoa bwana huyu ukamkaribisha yule?"

Jirani yake akamgusa goti. "Sivyo, sheikh. Seyyid Said wakati huo yuko kaburini karibu miaka hamsini. Hawakuwa wanamwita mtu. Walikuwa wanataja jina la enzi waliyoijua kabla ya Mdachi."

"Na jina likitajwa halina mwenyewe?"

Waliendelea hivyo hadi saa saba usiku, wengine wakiingia na kutoka katika mjadala, na hakuna aliyeuliza tena kama Kinjeketile alikuwa tapeli. Seyyid Said alifariki mwaka 1856; hesabu ya yule mzee ilikuwa sawa. Mwigizaji wetu wa Kinjeketile alikaa katikati yao bila kusema neno, na aliniambia njiani kwamba hadi usiku ule alikuwa akiigiza hofu ya kushindwa vita, na kwamba sasa ameelewa hofu nyingine, ya kushinda na kukuta umeshinda kwa ajili ya mtu mwingine. Ukimya baada ya kukataa kwake ulidumu sekunde 22. Mtu wa taa alitaka kuwasha, nikamshika mkono.

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Tumetumia jumla ya shilingi 4,310,000 na kupata mlangoni shilingi 2,225,000. Tofauti imelipwa kwa michango ya wanachama. Nakala zenye alama zimewekwa katika jalada moja, na kikundi chochote kitakachotaka kuziona kitakaribishwa.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalitatua. Katika vikaratasi vya Ikwiriri na Kivinje, saba vinarudi kwa wanawake wawili wa mwanzo, na kimoja, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu iliyokuwa ikikatika wino, kimeandikwa hivi: "Nilitaka kuuliza, baada ya vita ile ndoo aliichota nani." Tumekaa nacho wiki mbili. Maneno ya mchezo hatutayagusa tena, lakini hakuna kinachotuzuia kumwacha Bibi Kinjeketile jukwaani wakati mumewe anakataa, karibu kabisa na ndoo, ikiwa tupu. Mazoezi ni Jumanne saa kumi jioni, nasi tutawaomba wanawake wanaouza chakula jirani na ukumbi waje kukaa safu ya mbele, wapewe penseli.